Fundi wa Baridi Kwenye Joto la Nyasa

Siku ya kwanza kazini nilivaa sweta mbili na bado meno yaligongana. Ilikuwa Julai, na anayeijua Mbinga anaijua Julai yake: ukungu unashuka mpaka kwenye vizingiti vya milango, na wenye mibuni wanaota moto jikoni mpaka saa tatu asubuhi. Nilisimama mbele ya karakana ya Idara ya Ujenzi na cheti changu ndani ya bahasha ya kaki, msichana wa Mapera niliyetoka kusomea ufundi wa majokofu na viyoyozi Dar es Salaam. Karani alikisoma cheti mara mbili, akauliza kama kweli Serikali imeleta mtu Mbinga kuja kutengeneza baridi. Akawaita wenzake. Walicheka mpaka mmoja wao akalazimika kuweka kikombe cha chai chini.

Msimamizi wa karakana, Mzee Engelbert Komba, hakucheka. Alikuwa mtu mrefu, mwenye koti zito lililomfika magotini, na asubuhi hakupenda maneno mengi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akanipeleka kwenye friji bovu lililokaa kona moja na kuniuliza friji linafanya kazi gani. Nikamjibu kwamba linatengeneza baridi. Akatikisa kichwa.

"Baridi haitengenezwi, binti," alisema. "Kuna joto tu, na fundi ni mtu wa kulihamisha. Ukifika mahali popote, kabla hujafungua sanduku la spana, uliza joto linaingilia wapi."

Chuoni nilikuwa nimefundishwa jambo hilohilo kwa michoro na hesabu, na nilikuwa nimefaulu mtihani wake. Lakini sikuwa nimelielewa. Nililielewa nikiwa kazini chini yake, miaka kadhaa baadaye, tena kwa gharama.

Kazi yetu kubwa ilikuwa mafriji ya chanjo katika zahanati zisizo na umeme, na wakati ule ni chache mno zilizokuwa nao. Mafriji hayo yalitumia mafuta ya taa. Vijana wa leo hawayajui, kwa hiyo nitaeleza. Chini kulikuwa na tangi dogo na utambi, kama wa taa ya chemli. Moto wa utambi ulichemsha dawa ya kupozea iliyofungiwa ndani ya mabomba nyuma ya friji. Dawa ilipanda, ikapoa, ikashuka, na katika mzunguko huo ilichukua joto la ndani na kulitupa nje. Yaani friji lilipoa kwa sababu lilikuwa na moto. Nilipowaeleza watu hivyo walidhani ninawatania. Moto ukiwa wa buluu, fundi analala usingizi. Ukiwa wa njano na kutoa masizi, chanjo za watoto zinaharibika.

Mara ya kwanza kushuka mwambao ilikuwa Oktoba. Wakati huo mwambao wote wa Nyasa ulikuwa bado ndani ya Wilaya ya Mbinga, na Landrova ya idara ilishuka kona baada ya kona, ikiacha mashamba ya ngolo, yale ya mashimo mlimani, na mibuni nyuma yetu. Kileleni nilikuwa na sweta. Katikati ya njia sweta ilikuwa mapajani. Tulipoliona ziwa, nilimwambia dereva asimame aangalie injini, maana nilidhani kuna kitu kinaungua. Hakuna kilichokuwa kinaungua. Ilikuwa ni hewa tu. Wenyeji wanasema joto la kabla ya mvua linakaa kwenye mchanga, juu ya mabati na ndani ya maji yenyewe, na mtu wa mlimani analipokea usoni kama mvuke wa chungu kilichofunuliwa.

Katika zahanati moja kabla ya kufika Ngumbo nilimkuta muuguzi mkunga, Grace Nyoni. Wote walimwita Sista ingawa hakuwa mtawa. Alikuwa Mwanglikana, mama wa watoto watano, na mwenye sauti ya kuongoza kwaya. Friji lake halikuwa limepoa kwa wiki mbili. Nilikagua utambi, nikasafisha bomba la moshi, moto ukawa wa buluu safi, na friji likabaki na joto lilelile. Ndipo nikakumbuka jambo nililolisikia chuoni kwa mwalimu mzee, siyo kwenye kitabu: dawa ikisimama vibaya ndani ya mabomba, pindua friji. Nikaomba msaada, tukalisimamisha kichwa chini miguu juu, nikasema liachwe hivyo mpaka kesho.

Sista Grace alilizunguka lile friji akilitazama. Baadaye alikiri kwangu kwamba alikuwa anapanga kumwandikia barua Mganga Mkuu wa Wilaya kumweleza kuwa ameletewa mgonjwa wa akili badala ya fundi. Kesho yake tukaligeuza, nikawasha, na ilipofika jioni barafu ilianza kushika. Aligusa ile barafu kwa kidole, akakigusisha kidole kwenye shavu lake. Kisha akaniletea ugali wa muhogo na usipa, dagaa wa ziwa letu, akaniambia kwamba kuanzia siku hiyo nikishuka mwambao nisilale nyumba nyingine. Sikulala nyumba nyingine.

Miaka ikaenda hivyo. Kisha soko likafunguliwa. Vitu ambavyo tulikuwa tunavipata kwa kibali, au kwa kujuana na mtu, vikajaa madukani. Yalikuja mafriji yaliyotumika ng'ambo, yakashushwa kwenye malori pamoja na marobota ya mitumba, na kila mwenye duka la soda alitaka moja. Wanunuzi binafsi wa kahawa nao wakafika. Meneja wa kampuni moja, mtu wa Dar es Salaam mwenye viatu vinavyong'aa, alileta kiyoyozi na kuniita nikifunge dirishani mwa ofisi yake. Mbinga. Mwezi Julai.

Nilimuuliza kwa heshima kama ana hakika. Alinijibu kwamba ofisi yenye hadhi lazima isikike ikiunguruma. Basi nikakifunga, na jenereta ikaunguruma, na wakulima waliokuja na makoti yao wakaomba wahudumiwe nje juani. Baada ya wiki nilimkuta meneja mwenyewe amejifunga shali shingoni, anaandika huku mkono mmoja ukiwa mfukoni. Kazi yangu ilikuwa kusafisha chujio la mashine ile kila mwezi, na nililisafisha kwa moyo mkunjufu. Karani wetu, yule aliyenicheka siku ya kwanza, alikuwa akipita pale makusudi ili apate la kusimulia.

Lakini kiyoyozi kingine hakikunichekesha. Wafadhili fulani walikitoa, pamoja na jenereta, kwa kituo kimoja cha afya cha mwambao ambacho sitakitaja jina. Sista Grace alikuwa amehamishiwa hapo kuongoza wodi ya wazazi. Wodi ile ilijengwa kwa mabati matupu bila dari, na madirisha yake makubwa yalielekea ziwani, yaani magharibi. Asubuhi palikalika. Kuanzia saa saba jua la ziwani liliingia moja kwa moja mpaka vitandani, na mabati yakalia ko, ko, kwa kutanuka. Mganga Mkuu wa Wilaya, mtu mwema, aliyevaa tai hata mwambao, alisikia wazazi wanalalamika, akaona zawadi ile imetoka mbinguni. Niliagizwa kuifunga.

Kiyoyozi hakiwezi kazi kwenye chumba kilicho wazi. Kinavuta hewa ya ndani, kinaipitisha kwenye mabomba ya baridi, kinairudisha, na joto lililochukuliwa kinalitupa nje kwa mgongo wake. Kila tundu ni mlango wa hasara. Kwa hiyo nilipigilia mbao kwenye madirisha, nikaziba nafasi kati ya ukuta na paa kwa saruji. Siku tuliyowasha, wanawake walikuja kutoka vijiji vya jirani kusimama tu mlangoni wapulizwe. Mganga Mkuu alinipa mkono mbele ya watu. Nilirudi Mbinga nikijiona fundi kweli.

Sikufikiria dizeli. Pipa lililotarajiwa kumaliza mwezi lilimaliza siku tisa. Zilikuwa zama za kuchangia gharama, na kamati ya kituo, ikiwa haina pa kushika, ikaamua kila mama anayekuja kujifungua aje na lita tano za dizeli. Mimi sikujua. Niliposhuka tena, mwanzoni mwa Novemba, nilikuta jenereta imezima na Sista Grace amekaa kwenye ngazi za kituo. Wodini palikuwa na vitanda vitupu. Niliingia na kutoka hapohapo, maana chumba nilichokiziba kwa mikono yangu kilikuwa tanuri.

"Wako wapi wazazi?" nilimuuliza.

"Wanajifungulia nyumbani," alisema. Hakuwa amekasirika, na hilo liliniumiza zaidi. "Mmoja juzi alitoka damu nyingi, tumemwahi kwa bahati. Mashine yako imenifukuzia wazazi, mdogo wangu."

Nilikaa naye pale ngazini. Kisha nikaomba kipimajoto kimoja cha friji la chanjo, nikakifunga kwenye kamba. Mchana kutwa nilikuwa nikikipandisha kwenye mabati, nikikishusha kitandani, nikikiweka ukutani, nikiuliza lile swali la Mzee Engelbert. Jibu lilikuwa wazi kabisa. Joto liliingilia juu, kwenye mabati, na liliingilia magharibi, pamoja na jua. Na kwa kuwa nilikuwa nimeziba, halikuwa na pa kutokea.

Ugumu ulikuwa huu: upepo mzuri wa mchana unatoka ziwani, na jua baya la mchana linatoka ziwani pia. Ukikifungulia kimoja umekifungulia na kingine. Nilimuuliza Sista Grace wanawake wenyewe wakizidiwa na joto wanakwenda wapi. Akanionyesha nyuma ya kanisa, kwenye banda la akina mama la kusukia mikeka. Paa lake la nyasi lilishuka chini sana upande wa ziwa, mpaka unainama kuingia, na kuta zake hazikufika juu. Jua halikuingia, upepo uliingia kwa chini na kutokea juu. Nilikaa mle saa nzima. Nilikuwa nimesomea baridi miaka miwili, na akina mama wale walikuwa wanaisuka kwa matete.

Nilipomsimulia Mzee Engelbert nilichotaka kufanya, aliweka faili pembeni. Wakati huo orodha ya wafanyakazi wa kupunguzwa ilikuwa inaandaliwa, na kila mtu idarani alitembea kwa kunyata.

"Nafasi yako imebaki kwa sababu ya viyoyozi vipya," alisema. "Fundi wa kiyoyozi akisema kiyoyozi kiondolewe, amejiandikia barua mwenyewe. Umelijua hilo?"

Nikasema nimelijua. Akanipa ruhusa ya wiki moja na misumari.

Sikuigusa wodi kwanza. Nilichukua stoo tupu iliyokuwa imepakana nayo, yenye mabati yaleyale na dirisha lilelile la magharibi. Akina mama wa kanisa walisuka dari ya matete, tukaifunga chini ya mabati, tukiacha nafasi ya mkono na nusu. Kila ncha ya paa nilitoboa tundu kubwa ili joto la juu litoke, nikaweka wavu kuzuia popo. Upande wa ziwa tulijenga baraza pana la nyasi lililoshuka chini kama lile banda, na ukuta wa nje tukaupaka chokaa nyeupe. Ilichukua siku sita. Siku ya saba alikuja Mganga Mkuu wa Wilaya, aliyekuwa amesikia habari na hakufurahi.

"Fundi, nilikuagiza uilinde mashine," alisema. "Sasa naambiwa unataka niing'oe?"

"Sikuombi uing'oe leo, Mganga Mkuu," nikamjibu. "Ninakuomba ukae."

Ilikuwa saa nane mchana. Alianza na wodi, jenereta ikiwa imezimwa kama ilivyokuwa siku nyingi. Alitoka upesi, tai imelegea. Tukampeleka stoo, tukamwekea kiti kwenye njia ya upepo. Akafungua taarifa zake za mwezi, akasema atakaa kidogo tu. Nilisimama nje nikisubiri. Baada ya muda Sista Grace alichungulia, akarudi amejiziba mdomo kwa kanga. Mganga Mkuu wa Wilaya alikuwa amelala. Karatasi zilikuwa zimemwangukia kifuani na alikuwa anakoroma taratibu.

Dereva alitaka kumwamsha kwa kuwa safari ya kupanda mlima ni ndefu. Sista Grace alisimama mlangoni, akamwambia kwamba katika kituo chake mgonjwa aliyelala haamshwi. Tukakaa nje wote, kimya, kama wanaolinda mtoto. Aliamka karibu saa kumi. Alikaza tai, akakusanya karatasi, akatazama juu kwenye matete kwa muda mrefu.

"Na wafadhili nitawaambia nini?" aliuliza.

Nilimwambia awaambie ukweli: mashine yao itafanya kazi katika chumba cha upasuaji cha hospitali yenye umeme wake, mahali ambapo dirisha haliwezi kufunguliwa na chumba hakiwezi kupoa vinginevyo. Mimi si adui wa kiyoyozi. Kila kitu na mahali pake. Akatoa kalamu, akaandika palepale, amekaa kwenye kiti kilekile.

Wodi ilituchukua wiki tatu. Mama wa kwanza alifika kwa mtumbwi kutoka upande wa Lipingo, pamoja na mkwewe aliyebeba kidumu cha dizeli kichwani. Yule bibi aliingia akiwa na wasiwasi, akatazama dari, akatazama baraza, akauliza mashine iko wapi aikabidhi chakula chake. Sista Grace alimwambia mashine imehama na haikuacha deni. Bibi alikitua kidumu chini, akakaa juu yake, akacheka mpaka machozi. Mjukuu wake alizaliwa asubuhi iliyofuata, wa kike, akiwa na sauti iliyosikika mpaka ufukweni. Kufikia Krismasi vitanda havikutosha, wakaanza kulala wawili wawili barazani, na Sista Grace akanilaumu kwa hilo pia.

Barua yangu ya kupunguzwa kazi ilikuja Februari. Mzee Engelbert aliileta mwenyewe, akiwa amepanda gari la idara mpaka mwambao, yeye asiyependa joto hata kidogo. Hakunipa mara moja. Aliomba kwanza aonyeshwe wodi. Aliizunguka mikono ikiwa nyuma, akaingiza kiganja chini ya bati kwenye tundu la ncha ya paa, akahisi joto linavyotoka, akatikisa kichwa polepole. Ndipo akatoa bahasha mfukoni.

"Ningeweza kuituma kwa dereva," alisema. "Nimeona aibu. Kazi uliyoifanya hapa ndiyo kazi."

Sitasema sikulia. Nililia kwa Sista Grace siku mbili, nikala usipa nikilia. Siku ya tatu akaja mfanyabiashara wa Mbamba Bay aliyekuwa anajenga nyumba ya wageni na alitaka viyoyozi vyumba vyote kumi. Nilimwambia bei ya dukani ni mahari tu. Gharama yenyewe ni kumlisha huyo bibi harusi kila siku mpaka uzeeni. Tukakubaliana chumba kimoja kiwe na mashine, kwa ajili ya wageni wakubwa, na vingine tisa viwe na dari, matundu na baraza. Baada yake ikaja shule, kisha nyumba ya mchungaji, kisha maduka. Nilitengeneza mafriji ya soda asubuhi na kupima mapaa mchana. Nilipata kazi zaidi ya nilizopata nikiwa mwajiriwa, na sikurudi kuishi mlimani kwa miaka ishirini na kitu.

Sasa magoti yamekataa ngazi, na nimestaafu kwa mara ya pili, safari hii bila barua. Nimerudi Mapera kwenye mibuni ya wazazi wangu, ninalala na blanketi mbili. Vijana wa fani yangu hunipigia simu kuuliza mambo, na huwa nawaambia nilichoambiwa, kisha nawaambia nilichokosea, maana cha pili ndicho kinachowasaidia. Umeme wa gridi umefika mwambao. Joto nalo limeongezeka, au mimi nimezeeka. Sina ugomvi na anayenunua kiyoyozi. Nauliza tu kama amewahi kupanda juu kulitazama paa lake.

Oktoba iliyopita nilishuka kumsalimia Sista Grace, naye akasema twende kituoni. Wodi imejengwa upya kwa matofali, dari ni ya kisasa, na ukutani kuna kiyoyozi kipya cheupe. Muuguzi wa zamu, binti mpole, alitupa shikamoo na kuniuliza kama awashe. Nikasema awashe, nikakisikiliza kwa sikio la kazi. Kompresa yake ilikuwa nzuri, haina mtetemo, na nilifurahi kwa dhati.

Kisha nikaona vitanda vyote ni vitupu. Nikamuuliza yule binti kama hawana wazazi siku hiyo. Akasema wapo wanane, akafungua mlango wa upande wa ziwa. Walikuwa nje barazani, wamekaa na watoto wao chini ya paa lililoshuka, wanaongea na kucheka na upepo unawapitia. Baraza lilikuwa la bati sasa, lakini limeshuka chini vilevile, na nililazimika kuinama. Walipotuona mimi na Sista Grace tumesimama na fimbo zetu, hawakujua sisi ni nani. Walisogea tu, wakatupisha nafasi kwenye mkeka.